Majeruhi wa Machela ya Nne

Kambini, Jumanne

Kaka yangu mpendwa Radek,

Natumaini wewe, wifi Bogna na watoto hamjambo huko Lublin, na mgongo wako umepata nafuu. Mimi mwili mzima, ila situlii. Barua hii nimeianza mara nne, tatu nimezichana.

Uliuliza mafunzo yanaendaje. Daktari akiingia jeshini hapewi cheo cha ofisa mpaka amalize majuma sita ya gwaride, ramani, bunduki, mbio, na zoezi la kuchagua majeruhi. Tuko kumi na mmoja, na mwenye miaka arobaini na nne ni mimi tu. Sajenti Kopeć, ambaye ningeweza kumzaa, hutuambia tunapiga saluti kama watu wanaofukuza nzi. Hayo yote niliyamudu. Lililonishinda ni zoezi la majeruhi.

Wanajeshi kumi na wawili hulazwa msituni wamepakwa damu bandia, nawe una dakika kumi za kuamua nani atibiwe na nani aachwe. Kwenye machela ya nne alilala mzee wa jeshi la akiba, akikoroma kama anayekata roho. Mara mbili nilipiga magoti kwake nikakwama hapo hapo. Kopeć akaniambia, "Daktari, umemng'ang'ania mmoja, watatu wamekufa nyuma yako. Ukishindwa tena unarudi nyumbani."

Jana nilijaribu mara ya tatu. Nilimfunga mzee utepe mweusi, ule wa wasioweza kuokolewa. Akanishika suruali, nikabandua vidole vyake nikaenda kwa wengine. Nimefaulu. Kisha nilikwenda nyuma ya lori nikaanza kukuandikia.

Radek, nilikudanganya. Siku ya ajali ya basi alilopanda Baba nilikuambia alifikishwa hospitalini kwetu akiwa maiti. Alifika hai. Mimi ndiye niliyekuwa mlangoni nikichagua. Aliniita, "Otylka, mwanangu." Nilitazama jeraha lake, nikajua hatapona, nikampita kwenda kwa wasichana wawili. Wote wawili wako hai. Niliporudi, baada ya nusu saa, Baba alikuwa ameshapoa, peke yake kwenye korido.

Nilikuja huku nikitaka mtu aniambie nilifanya sawa. Sajenti amenipa alama zote, na sijasikia nafuu yoyote.

Jumamosi saa nne asubuhi naapishwa. Jina lako nimeliacha langoni, usipokuja sitakulaumu. Mama usimwambie, nitamwambia mwenyewe. Wewe nijibu kwa barua, si kwa simu, hata kama ni kunitukana.

Msalimie wifi, unibusie watoto.

Mdogo wako,
Otylia