Mapigo Matano ya Mchi Wako

Mama yangu uliyelala Kasulu,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia huku, lakini ningeanza kuongea bila kukuamkia ungenirudisha mlangoni niingie upya, kama zamani.

Nipo Msalato, nje kidogo ya mji wa Dodoma. Nabeba zege na tofali kwenye jengo la ghorofa moja. Sikufichi mama, nimechoka. Mgongo hauniachi nilale vizuri, na viganja vimepasuka kwa saruji hadi kalamu hii inaniuma. Mwandiko wangu ni uleule wa darasa la tano nilipoishia. Ila wiki hii limetokea jambo, na wa kumwambia ni wewe.

Unakikumbuka kinu chetu, kile chenye ufa ubavuni? Wingu likijikusanya upande wa milimani, majirani walianua nguo na kufunga milango. Wewe uliendelea kutwanga muhogo. Radi ikimulika, ulihesabu mapigo ya mchi mpaka ngurumo isikike. Yakizidi kumi ulituacha tucheze. Yakishuka hadi sita ulisema neno moja tu, "Ndani!", na hakuna aliyebaki nje, hata kuku.

Siku moja nilijifanya msomi. Nikakuambia, "Mwalimu kasema radi ni umeme, mama. Mambo ya kinu ni ya kizamani."

Hukukasirika. Ulipandisha mchi, ukaushusha. "Mwalimu ajue ni kitu gani. Mimi nataka kujua kimefika wapi."

Halafu ile Jumamosi ulipokuja uwanjani mbio, mchi ungali mkononi. Ulinishika sikio mbele ya wenzangu, ukawafukuza na wao wote, wakakimbia huku wanakuzomea. Hatujafika nyumbani, ule mkaratusi tuliokuwa tunautumia kama goli ukapigwa na radi, ukapasuka katikati. Mimi nilichobaki nacho siku ile ni aibu ya kuwa na mama anayekimbia na mchi. Sikukushukuru. Nimekaa na jambo hilo miaka yote, na ulipofariki nilifika nikakuta udongo wa kaburi umeshakauka.

Sasa sikiliza. Jumanne asubuhi simu za watu zilipokea angalizo la mvua kubwa na upepo mkali. Msimamizi wetu, Fundi Ndahani, Mgogo wa hapahapa, alitusomea kwa sauti.

"Wameandika kuanzia mchana," akasema. "Bati zinaisha kabla ya saa sita. Pandeni."

Wakapanda watu wanane juu ya kenchi, zile mbao za paa. Mimi nilibaki chini nawapigilia mirunda ya jukwaa iliyolegea. Saa nne na nusu wingu likasimama upande wa kaskazini, jeusi, chini yake kijani kama maji ya bwawa. Huku mvua inatamaniwa mama, si kama kwetu. Mama ntilie aliyekuwa anapakua ugali alipiga kigelegele. Lakini mimi niliona radi, na mkono wangu wenye nyundo ukaanza kuhesabu wenyewe juu ya mrunda.

"We Mha," Fundi Ndahani akaniita kwa kabila letu, "unatwanga nini hapo, kisamvu?"

Watu wakacheka huko juu. Nikahesabu hadi ngurumo. Kumi na mbili.

"Ipo mbali, fundi," nikamwambia. "Wamalizie."

Ndivyo nilivyosema, mama. Kwa mdomo wangu. Na yeye akawapandishia mzigo mwingine wa bati.

Niliinua nyundo nipige msumari, ikanijia jinsi ilivyo nyepesi. Nyundo inapigwa kwa mkono mmoja, haraka. Mchi wako ulikuwa wa mikono miwili, unapanda hadi juu ya kitambaa chako cha kichwa, ndiyo ushuke. Nilikuwa nimehesabu namba zako kwa mwendo usio wako.

Nikaokota mtaimbo, ule mzito wa kuchimbia msingi. Nikasimama nimepanua miguu kama ulivyokuwa unasimama, nikangoja. Ikamulika. Nikaanza kutwanga ardhi. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano, na ngurumo ikanitikisa kifua.

"Shukeni!" nikapiga kelele. "Nimekosea! Shukeni wote!"

"Ulikosea lini, mwanzo au sasa?" mmoja akanijibu kutoka juu, na wakacheka tena.

Fundi Ndahani alinifuata amekunja uso. "Unanichezea? Dakika mbili zilizopita ulisema mbali."

"Nilihesabu kwa nyundo, fundi. Inatakiwa kwa mchi. Mama yangu akifika sita anatuingiza ndani, na hii ni tano. Nifukuze kazi baadaye, washushe kwanza."

Aliniangalia, akauangalia mtaimbo. Sijui aliona nini usoni kwangu. Akageuka, akapiga mluzi. "Acheni bati! Wote chini, ingieni kile chumba chenye dari ya zege!"

Wa mwisho alikuwa bado anashuka tulipokiona. Vijana walidhani ni kisulisuli cha vumbi, vile vya kiangazi ambavyo watoto wa huku wanakimbizana navyo. Lakini hiki kilikuwa kimening'inia kutoka kwenye wingu, na ndani yake mlikuwa na matawi mazima. Mama ntilie tulimvuta na sufuria lake mkononi. Tukajibanza ukutani chini ya zege, tumeshikana mikanda. Juu yetu bati zilikuwa zinang'oka moja moja kwa mlio kama kitambaa kinachochanwa.

Haikuchukua muda. Tulipotoka, jukwaa lilikuwa limelala chini, mirunda imevunjika kama kuni. Bati nyingine tuliziona shambani kwa watu, zimekunjwa. Fundi Ndahani alituhesabu kwa kidole, akarudia kutuhesabu. Tulikuwa wote.

Kesho yake akaja Injinia Rehema, binti mdogo kuliko hata mwanangu wa kwanza. Aliniambia nitwange na mtaimbo huku anapima kwa simu yake. Pigo moja, sekunde moja na nusu. Akanieleza kwamba sauti hutembea kilomita moja kwa sekunde kama tatu, kwa hiyo mapigo matano ni kilomita mbili na nusu. Akapiga tena hesabu kwenye karatasi, akatikisa kichwa kwa mshangao.

"Ni sahihi kabisa, mzee. Mama yako alisoma wapi?"

"Kwenye kinu," nikamjibu. Hakucheka. Aliandika.

Mama, mimi si mtu wa kujisifu, nimebeba mizigo ya watu maisha yangu yote. Lakini siku ile nilitembea kutoka kazini kifua mbele, na si kwa ajili yangu.

Leo mchana limesimama wingu jingine. Kabla sijainua kichwa, Fundi Ndahani mwenyewe alikuwa ameshaushika mtaimbo kwa mikono miwili. "Kinu!" akaita, na watu wote, Wagogo, Warangi, Wasukuma, wakanyamaza juu ya kenchi kukusikiliza.

Asante kwa lile sikio, mama.

Ni mimi mwanao, uliyenitoa uwanjani