Chachu ya Pombe ya Bakwe

Kambi ya Dzaleka, tarehe 9 Agosti

Yaya Charlotte, dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu huko Mchesi, wewe na shemeji na batoto wote, hata yule anayekataa nsima, ugali wa huku. Mgongo wako unaendeleaje? Sisi huku tuko wazima, baridi tu njo inatutafuna.

Habari kubwa ni hii: Divin wetu anataka kuoa. Binti ni Amanda wa mzee Nshimirimana, Warundi tunaosali nao. Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu tunapeleka pombe ya kuombea mke. Desturi yao, baba wa binti anaonja kwanza, na akirudisha kikombe chini, maneno yanaishia pale. Mi nikasimama mbele ya bantu nikasema sitaleta kreti za dukani kama mtu asiyetembea. Nitapika mwenyewe pombe yenye ukungu kama wa asubuhi, inayonukia embe bila embe hata moja kuingia ndani. Mzee akacheka, akasema Bakongomani tunajua kusema. Sasa Yaya, mtu aliyekunywa Bujumbura, Kigoma mpaka Lusaka, anaweza kurudi nyuma?

Kazi yote iko kwenye chachu. Rafiki yangu Akilimali anapika kwenye loji huko Lilongwe, na bosi wake anajitengenezea pombe nyumbani. Akilimali akanieleza: chachu ya mkate niiache, inaleta harufu ya unga; na ile ya pombe inayong'aa kama kioo niiache vilevile, haina utamu wa matunda. Akanipa pakiti mbili za chachu ya Kiingereza, ile isiyopenda kuzama, njo inaacha ukungu na kuzaa harufu ya matunda. Akaongeza maua makavu ya houblon, yale machungu ya kutengenezea bia, niyatie wakati povu linapoanza kushuka, chachu ikiwa bado hai, ili embe litoke vizuri.

Nikachemsha chimera, ile nafaka iliyooteshwa, pamoja na oti, nikapoza, nikanyunyiza pakiti ya kwanza. Halafu, kwa ajili ya baridi, nikafanya kama mama na kasiksi yake ya ndizi kule Fizi: nikachimba shimo, nikaweka majivu ya moto pembeni, nikafukia ndoo kwa majani ya migomba. Iliumuka mpaka kifuniko kikaruka. Nikanywa vikombe viwili, nikasifu, nikaita majirani. Mke wangu Orpa alinusa tu, akasema, "Baba Divin, hii ni rangi ya kucha." Majirani wakakumbuka wana kazi kwao.

Akilimali alinigombeza kwa simu. Chachu hii si ya ndizi, ikipata joto sana inaharibu kila kitu. Ndoo ikae ndani pasipo jua, na mchana ivishwe gunia lililoloweshwa maji.

Sasa nakuambia jambo ambalo Orpa hajui. Tangu ile homa ya wakati wa mvua, pua yangu imekufa. Sisikii harufu ya kitu, Yaya. Ulimi nao umebaki na chumvi na sukari tu. Ile pombe mbaya niliisifu kwa moyo safi kabisa. Na kila siku namsifu Orpa kwa sombe yake ya majani ya muhogo, naona jinsi anavyofurahi, nashindwa kumwambia kwamba sijui tena inanukiaje.

Pakiti iliyobaki nitaitia kesho baada ya ibada. Jumatano povu litakuwa linashuka, nitatia yale maua, njo hapo ninakuhitaji. Wewe uliokoka, hunywi, najua, sikuombi unywe. Inama juu ya ndoo, uniambie ni embe au ni kucha, basi. Orpa nitamwambia umekuja kumwona Amanda, na si uongo, utamwona.

Usipokuja nitapika hivyohivyo. Neno langu limeshatoka, na Divin anampenda yule binti mpaka amesahau kula. Lakini nitakuwa napika gizani, na mzee atakuwa wa kwanza kuniambia nimepika nini.

Nauli utaikuta hapa. Shemeji mpe mkono wangu, batoto uwabusu, na ukijisikia mafua, tafadhali yaache Mchesi.

Mdogo wako asiyerudi nyuma,
Lwaboshi