Anayemdai Baba, Anidai Mimi

Lac La Biche, Alberta
10 Novemba 1960

Mwanangu Fawzi,

Assalaam alaikum. Mimi mzima, ila goti linalalamika tangu theluji ianze. Mkeo hajambo? Na mapacha? Duka la mikate linakwenda?

Arobaini ya baba yako imepita, sasa naweza kusema. Siku ile makaburini ulisimama mbele ya watu ukatamka, "Anayemdai baba, anidai mimi." Nilikuwa nyuma yako, yule wa kofia ya manyoya. Basi mimi namdai.

Ami yako,
Adib

Edmonton
2 Desemba 1960

Ami Adib,

Waalaikum salaam. Naibusu mikono yako. Sisi wazima, mapacha wanakohoa kidogo tu.

Ami, barua yako imeninyima usingizi. Najua wewe na baba, marafiki mlioishi kama ndugu, mlifuga vicheche ili kuuza manyoya yao, soko likaanguka. Ikiwa unadai hasara ile, sina kitu. Hata tanuri ni la mkopo. Nimemuuliza wakili mmoja, mteja wangu. Anasema hapa ahadi ya kulipa deni la mtu mwingine haina nguvu bila maandishi na sahihi. Nami sikuandika, Ami, nilikuwa nalia. Usinichukie.

Mwanao,
Fawzi

Lac La Biche
19 Desemba 1960

Mwanangu Fawzi,

Salaam tele. Wape watoto asali na maji ya kitunguu.

Nimecheka peke yangu jikoni. Wakili wako ni mtu makini, mpe mkate wa bure. Lakini kuna jambo nataka kujua, wala sina hasira: ilikuwaje ukamuuliza wakili kama utalipa, kabla ya kuniuliza mimi nadai nini?

Ami yako,
Adib

Edmonton
26 Februari 1961

Ami Adib,

Salaam. Goti linaendeleaje? Watoto wamepona.

Nimekawia kwa kuona haya. Kila nikikanda unga, swali lako linarudi. Haya Ami, unadai nini?

Mwanao,
Fawzi

Lac La Biche
8 Machi 1961

Mwanangu Fawzi,

Alhamdulillahi, hatimaye umeuliza.

Babu yako alifariki Januari ya 1937, baridi ikipasua miti. Baba yako alikuwa kaskazini akinunua ngozi kwa wawindaji. Nilimwosha mzee peke yangu, kwa theluji niliyoiyeyusha. Ardhi ilikuwa chuma. Nikawasha moto wa magogo juu yake, nikachimba palipolainika, nikawasha tena. Siku mbili. Baba yako aliporudi alikuta kaburi. Akanishika mkono: "Adib, deni hili langu. Wewe nitakuosha mimi, na kaburi lako nitalichimba mimi."

Halafu akatangulia, mjanja yule! Mimi sina mtoto, Fawzi. Waliojua kuosha wamekwisha hapa. Naogopa kuoshwa na mtu asiyejua hata jina langu.

Ami yako,
Adib

Edmonton
15 Machi 1961

Ami yangu,

Nimesoma barua yako nimesimama, nikaketi, nikalia. Naambatanisha hati: sahihi yangu, mashahidi wawili, muhuri wa wakili. Ijumaa nakuja unifundishe. Mtu anaanza kuosha wapi?

Mwanao,
Fawzi

Lac La Biche
28 Machi 1961

Mwanangu,

Nimefurahi mno ulivyokuja. Hati yako nimewashia jiko. Kuosha umeshika upesi, una mikono laini ya mwokaji. Ila shoka, mwanangu, hulijui kabisa! Rudi kiangazi tulishughulikie. Mimi sina haraka.

Ami yako,
Adib

Lac La Biche
3 Februari 1964

Ami Adib,

Waalaikum salaam. Leo sikuulizi hali, nimeijua kwa mikono yangu. Nilikuosha nikianzia upande wa kulia, kama ulivyonifundisha.

Nilikuwa nikiogopa shoka njia nzima. Nilipozunguka nyuma ya nyumba nikakuta magogo yamepasuliwa, yamepangwa chini ya turubai. Yalitosha moto wa siku mbili, hayakubaki wala hayakupungua. Ulinijua vizuri, Ami.

Tulipomaliza kukuzika nilisimama mbele ya watu nikasema, "Anayemdai Adib, anidai mimi." Mzee mmoja akainua mkono. Nikamuuliza hapo hapo anadai nini.

Mwanao,
Fawzi