Gaju Ameshinda Tena

Kibingo, Machi 9

Mdogo wangu Nikuze,

Huku tu wazima, na mvua ya maharage imeanza. Asante kwa video za hayo magari ya Marekani yanayozunguka uwanja bila kwenda popote. Lile jekundu nimeliita Gaju, kama ng'ombe tuliyevuka naye Mto Kagera tulipokimbia vita.

Macho yangu yameingia ukungu, kwa hiyo mke wangu Therese hunitangazia. Katika mbio tatu za kwanza za msimu, Gaju alishinda zote. Nikachinja jogoo.

Jana jirani Gaudiosus, aliyeziona mbio hizo kwenye simu yake, akaja kunipa pole.

"Pole ya nini?"

"Mzee, gari lako limegonga ukuta mara zote tatu!"

Nikamgeukia Therese.

"Ningekuambia ukweli ungepandwa na presha, Baba Dusabe," akasema. "Kama huniamini, kapasuliwe macho ujionee mwenyewe."

Mwaka mzima nimeukwepa upasuaji huo kwa woga. Sasa nimekubali, naenda Jumatatu.

Barua hii nasema mimi, anaandika Therese. Ukiipata, nipigie simu unisomee ameandika nimesema nini kuhusu macho.

Kaka yako akupendaye,
Evaristi