Shangazi Angoja Kontena

Jumatatu, 15 Septemba
Sura ya tatu ya tasnifu bado. Asubuhi yote maktaba na Wayahudi wangu na meli zao za mvuke. Trieste, Suez, Bombay, Colombo, Hong Kong, Shanghai. Wiki kadhaa majini kuwakimbia Wanazi, kwenda mji usiouliza viza. Wengine walishukia kwetu Mombasa, shuleni hatukuambiwa. Leo nimesoma habari za masanduku yao, makubwa kama chumba: vitanda, makabati, piano, vyombo, vyote vikipakiwa mbele ya afisa wa forodha. Wapo waliokuwa na tiketi mkononi wakaiacha meli iondoke, wanangoja kibali cha sanduku. Kisha vita. Masanduku yakabaki bandarini, wenyewe wakapelekwa kuuawa. Nimekasirika mpaka nikafunga kompyuta. Kabati! Mtu anangoja kabati!

Jioni nimepika wali. Shangazi hakula.

Alhamisi, 18 Septemba
Nimempeleka Shangazi hospitali kwa nguvu. Miguu imevimba, viatu havimwingii. Daktari hakuzunguka: moyo umechoka. Akitaka kwenda kwao aende wiki hii, baadaye hakuna ndege itakayompokea. Mkalimani nilikuwa mimi. Sikupunguza neno. Shangazi amesema anataka kufia Mombasa, mikononi mwa Fatma, mwanawe wa pekee. Kalisema kama anayeagiza chai.

Nimelia chooni. Nimekata tiketi. Jumapili.

Ijumaa, 19 Septemba
Hataki Jumapili. Kontena linapakiwa Alhamisi ijayo.

Ndiyo kazi yake hapa Xiaobei, mtaa wetu Waafrika huku Uchina: wanawake wa Mombasa humwagiza vitambaa, yeye huenda soko la vitambaa la Zhongda kushika kila jora kwa mkono wake, halafu husimama mlangoni mwa kontena mpaka lifungwe. Asiposimama, majora mazuri hutolewa, huingizwa ya ovyo. Nimemwambia nitasimama mimi. "Wewe wajua vitabu, mwanangu. Hawa wameniamini mie. N'tawaangalia vipi nyuso zao?" Na Fatma asiambiwe neno mpaka yeye afike.

Nimemsimulia yale masanduku. Akacheka. Eti wale walingoja vyao, yeye angoja vya watu. Nina hasira naye. Tiketi nimeisogeza hadi Ijumaa.

Jumapili, 21 Septemba
Nimerudi kwenye masanduku. Yupo fundi aliyepitwa na meli kwa sababu ya cherehani. Bila cherehani, Shanghai angekula nini? Hilo sikuliwaza juzi.

Leo angekuwa angani.

Alhamisi, 25 Septemba
Laobani, mwenye ghala, amesema mingtian. Kesho. Tangu asubuhi wimbo ni huohuo, maana malori yamejazana kabla ya sikukuu ya Oktoba. Shangazi kutwa kwenye kiti cha plastiki, joto hili, midomo rangi ya majivu. Nimempigia kelele mbele za watu. Mtu mzima kama yule. Alikuwa anatazama mlango wa ghala.

Tiketi tena. Jumatatu.

Jumamosi, 27 Septemba
Limefungwa. Alisimama wima, mkono mmoja ukutani, mpaka lakiri ikapigwa. "Haya, nipeleke kwetu sasa." Kwenye teksi alilala begani mwangu. Nimempangia sanduku lake. Nimefurahi, bora niseme ukweli.

Jumatatu, 29 Septemba
Nilimpaka poda na wanja. Nilimfunga buibui vizuri, nikamkalisha kwenye kiti cha magurudumu. Binti wa kaunta ya ndege alimtazama mara moja tu, akamwita mkubwa wake. Hapumui sawasawa, hasafiri. Nilisihi kwa Kichina, kwa Kiingereza, mwisho kwa Kiswahili, ambacho pale hakuna aliyekielewa. Shangazi akanishika mkono. "Mwache, mwanangu. Yuko kazini kwake."

Wiki moja nyuma wangempokea. Najua. Na yeye anajua.

Alhamisi, 2 Oktoba
Amefariki alfajiri. Tumemwosha sisi wanawake wa Xiaobei. Fatma alikuwa kwenye simu mpaka sauti ikamkauka. Amezikwa hukuhuku, makaburi ya Waislamu. Udongo mwekundu, mvua.

Kontena liko baharini.

Jumapili, 9 Novemba
Fatma kapiga simu. Mzigo umefika. Wanawake wamekuja nyumbani mmoja mmoja, wamempa pole, wamemwombea mama dua, wamechukua majora yao. Yote mazuri, hakuna lililobadilishwa.

Kisha akaniuliza. Siku ya msiba nilimweleza kwamba daktari alisema aondoke wiki ileile. Alikuwa angoja nini?

Nikiwataja wale wanawake, hatawafungulia mlango tena maisha yake yote.

Nimemwambia ndege zilijaa kwa ajili ya sikukuu.

Kisha kasema alhamdulillahi, maana alidhani mama hakutaka kuja.

Nimeosha vyombo. Nimelala mapema.