Sikuomba Umeme kwa Mama Yako

Mama Tekla,

Msalaba wako umesimama. Naanza na hilo kwa kuwa najua ndilo ungeuliza kwanza. Umesimama wima, na jina lako limechongwa bila kosa. Nililikagua herufi kwa herufi kabla fundi hajaondoka na kibao kwenda kukipachika. Lakini umesimikwa bila mchanga wa kwenu Lipingo, na mama yako hakuwapo padri alipoubariki. Yote mawili yametokana na mimi. Nimeona aibu kuja kaburini kukuambia kwa mdomo, kwa hiyo naandika.

Gari lako lipo. Baada ya mazishi nililifunika turubai nikaliacha kando ya ghala la kahawa, mpaka binti yetu Tekla aliponifokea. "Baba, betri ikikaa bure inakufa. Utamwua Mama mara ya pili?" Maneno makali kutoka kwa mtoto, lakini nilitoa turubai.

Unakumbuka nilivyolipokea siku lilipofika. Mimi ni mtu wa wakati wa foleni ya sabuni katika duka la kijiji. Sikuzoea dunia hii ambayo mtu huketi Mbinga, akachagua gari la Japani kwenye simu ya mwenye duka, nalo likaja. Bwana Shaweji wa vipuri ndiye aliyekuagizia. Alilizunguka akicheka, "Mama Tekla, hili halinywi petroli, linakula umeme kama pasi." Nami nikasema mbele ya watu kwamba umenunua pasi yenye magurudumu. Watu walicheka. Wewe ulicheka zaidi yao, kisha ukaanza kazi.

Ulilinyanyua kwa springi ndefu ili lisikwaruze tumbo kwenye barabara ya kwenu. Uling'oa kiti cha nyuma, ukatandika bati kwa ajili ya matenga ya samaki, usipa na mbasa, ukaacha nafasi ya mtu mmoja tu mbele, karibu nawe. Kiti hicho ukakishonea kitambaa cha kitenge. Rangi ya kijivu ya gari ulisema ni ya sufuria, ukalipaka buluu. Kisha kila ulipoliwasha, yule mwanamke wa Kijapani ambaye sauti yake imo ndani akasalimu kwa lugha yake, nawe ukamwitikia, "Marahaba, mwanangu." Nilikwambia si heshima kuitikia salamu usiyoielewa. Ukanijibu, "Mwalimu, aliyesalimu ni mdogo kwangu. Inatosha."

Bado anasalimu. Mimi sikuwa nikimwitikia.

Sasa nikueleze ilivyokuwa.

Mama yako alituma neno kwamba hatakubali msalaba wa mwanawe usimikwe kwa mchanga wa mto wa huku milimani. Alitaka uchanganywe mchanga wa ziwa, wa pale pale ulipojifunzia kutembea. Tekla alitaka kukodi gari la kumleta. Nikakataa. Nilisema nitamfuata mwenyewe kwa gari lako, kwa kuwa wewe ungefanya hivyo. Nilijisifu, Mama Tekla. Nilitaka watu wa Lipingo waone gari lako limerudi.

Nikashuka siku moja kabla ya misa ya msalaba. Gari lilishuka vizuri mno. Unajua linavyojichaji lenyewe mteremkoni. Vijiti vya betri pale mbele ya usukani havikupungua ila vichache sana, na mahali pengine viliongezeka. Nikakokotoa kama mwalimu wa hesabu ambaye sikuwa: nikaona kwamba safari imekula kidogo, basi na ya kurudi itakula kidogo. Sikukumbuka kuwa niliteremshwa na mlima.

Kwenu walinipokea vizuri. Watoto walilizunguka gari wakiimba jina lako. Jirani yenu, yule mama mwuza vitumbua, akapaza sauti kama alivyokuwa akikupigia wewe, "Leo halinyonyi?" Maana wao walizoea kukuona ukifika, na kabla hujasalimu vizuri, waya umepita dirisha la jiko la mama, gari linanyonya, nawe unapanga samaki. "Likishiba litalala," ulikuwa ukiwajibu.

Shemeji Kastori akaja na ile soketi ndefu ya waya mkononi. "Shemeji, tukuchomekee?"

Nikasema, "Asante, linatosha."

Akatazama vile vijiti, akanitazama mimi. "Dada alikuwa halali bila kulichomeka."

"Linatosha, shemeji."

Unajua kwa nini. Hakuna mwingine ninayeweza kumweleza. Tangu nilipokuoa, sijawahi kumwomba mama yako kitu. Sijawahi kula mbele yake. Salamu yangu niliitoa nikiwa mbali, macho chini, na nilipohitaji maji ya kunywa nilikuambia wewe, ukamwambia yeye, yakaja kupitia kwako. Hiyo ndiyo heshima ya mkwe niliyolelewa nayo, na niliishika bila kuikosea. Wewe ulikuwa mdomo wangu katika nyumba ile. Ulipokufa nilibaki bubu hapo mlangoni, na nilipoambiwa nichomeke waya kwenye jiko lake, niliona kama ninaambiwa niingie nikafunue chungu. Kwa hiyo gari lililala usiku mzima chini ya dirisha lenye umeme, na waya wake ndani ya buti, nami nikalala usingizi mzuri.

Asubuhi tulipakia mchanga, gunia lililojaa. Mama yako aliuchota mwenyewe. Hakukubali kusaidiwa ila kuufunga. Akaketi pale mbele, kwenye kitenge chako, kwa kuwa hapakuwa na kiti kingine. Mimi na mama mkwe, bega kwa bega! Nilitazama barabara kama mtu anayefanya mtihani. Yeye alitazama dirishani na kushika fimbo yake.

Tulipoanza kupanda, vijiti vikaanza kwenda. Kona moja, kijiti kimekwenda. Nikazima redio. Nikapunguza mwendo. Nilikuwa bado najiambia kwamba tukifika juu mambo yatakaa sawa, ndipo ikawaka ile taa ndogo yenye picha ya kobe, ya kuonya kwamba betri inakwisha.

Mama yako akainama akaitazama. "Baba, huyu si yule kobe wa Agnes?"

Sikujua kwamba anamjua. Sikujua kwamba ulimpandisha na kumshusha njia hii mara nyingi, ukimfundisha taa zote.

"Ndiye, Mama. Hakuna shida."

"Agnes alisema kobe akitokea, tafuta nyumba yenye umeme, usibishane naye."

Nyumba zenye umeme zilikuwa pale pale, kushoto, na bati zake zinang'aa. Nikazipita. Nilimwambia tunakaribia. Mama Tekla, niliongopa kwa mama yako, na nilikuwa najua ninaongopa.

Gari likatambaa, kisha likasimama katikati ya mlima, kimya, kama linavyosimama daima, bila hata kukohoa. Vijana wa bodaboda wakajaa mara moja.

"Mzee, limeisha mafuta?"

"Halitumii mafuta."

"Basi limeisha nini?"

Mmoja akachungulia chini, akawaambia wenzake, "Halina hata bomba la moshi, jamani. Mwalimu ameendesha redio." Alikuwa ananijua. Nilimfundisha. Nilitamani ardhi inimeze, na huku mama yako ameketi ndani ya gari na fimbo yake, akisikia yote.

Alifungua mlango akashuka. Alirudi chini kwa miguu, akijikongoja, mimi nikimfuata nyuma kwa ule umbali wetu wa heshima, mpaka kwenye nyumba ya kwanza niliyoipita. Akabisha hodi. Mama mwenye nyumba alipotoka, mama yako akasema kwa sauti ambayo hata wale vijana waliisikia:

"Mwanangu, samahani. Mkwe wangu ameishiwa umeme."

Wakacheka wote, na mwenye nyumba akacheka, lakini alikwisha kufungua dirisha. Vijana walilisukuma gari kurudi chini mpaka uani, waya ukapita, gari likaanza kunyonya.

Nilimpigia simu Tekla. Padri alikuwa amekwisha kufika, naye alikuwa na kigango kingine cha kwenda. Saruji ilikuwa inangoja kuchanganywa, na mchanga wa mto ulikuwa hapo. Nilitaka kumpakia mama yako katika gari lolote linalopita, afike yeye hata kama mimi sifiki. Lori moja lilikubali kumchukua ila si gunia. Akakataa. "Nilitoka na mchanga wangu, nitafika na mchanga wangu. Au nikafanye nini huko mikono mitupu?" Nikamwambia Tekla waendelee.

Umeme wa nyumbani unajua ulivyo mpole. Gari hunywa kama mgonjwa anayenyweshwa uji. Tulikaa. Mwenye nyumba akatuletea ugali na maharage, sahani moja na maji ya kunawa, akatuweka kwenye benchi moja. Yeye hakujua. Nikainuka nikasema nimeshiba, nikaenda kusimama karibu na gari.

"Rudi ukae," mama yako akasema.

"Mama, mimi…"

"Najua. Najua adabu yako, baba, Agnes alikusifia sana kwa hiyo. Lakini aliyekuwa akitupelekea maneno amelala. Sasa tutakaa hivi mpaka lini? Kula."

Nikakaa. Nikanawa. Tukala sahani moja, mama yako nami, na nilipotia tonge la kwanza mdomoni nililia. Hakunitazama. Alinisogezea maharage, kama anavyosogezewa mtoto, akaendelea kula.

Tulifika jua linaelekea kuzama. Watu walikuwa wamekwisha kutawanyika, waliobaki wanaosha masufuria. Msalaba umesimama, saruji bado na rangi ya unyevu. Nilibeba gunia mgongoni mpaka kaburini, mwenyewe. Tekla alitaka kusaidia nikamkatalia. Mama yako aliweka kiganja kwenye saruji akakiacha hapo kwa muda. Nilingoja anilaumu. Nilikuwa nimejitayarisha, nimepanga hata sentensi za kuomba radhi, na zote zilikuwa sahihi.

Aliuliza tu, "Hapa pembeni hapatajengwa?"

Nikasema patajengwa, nitazungushia ukuta mdogo.

"Basi jenga kwa huu. Samaki ndio wangeharibika. Mchanga hauchachi."

Yuko hapa nyumbani bado. Analala chumba cha Tekla. Asubuhi ananiita kwa sauti kutoka jikoni, "Mwalimu, uji!" nami naenda, nakaa, nakunywa mbele yake, na uso unaniwaka kila mara. Sijazoea. Majirani wa ukoo wangu wamekwisha kuanza kusema kwamba mzee amepotoka. Waseme. Nilishika heshima yangu kwa ukamilifu, na ikamnyima mama kuona msalaba wa mwanawe ukibarikiwa. Laiti ningeufungua mdomo usiku ule chini ya dirisha lake! Hakuna cha kusahihisha sasa. Nilizoea makosa ya daftari, ambayo kalamu nyekundu huyamaliza.

Ukuta umeanza. Nachanganya mwenyewe, mchanga wa Lipingo na saruji, na mama yako ameketi kwenye kigoda akinielekeza kana kwamba amejenga maisha yake yote. Utakapokamilika nitamrudisha kwenu. Nitalichomeka gari usiku kabla ya kuondoka, na nikifika, kabla sijasalimu vizuri, nitakwenda kwenye mlango wa jiko lake, mimi mwenyewe, nitasema kwa mdomo wangu: Mama, naomba umeme. Nakuahidi. Yule mwuza vitumbua na acheke.

Leo asubuhi nililiwasha gari nilisogeze kivulini. Yule binti wa Kijapani akasalimu. Nilitazama huku na huku, hapakuwa na mtu. Nikamwitikia.

Lala, Agnes. Nimeliandika jina lako, nililoona haya kuliita ulipokuwa hai.

Mumeo,
Mwalimu