Tangu Lini Sijasema "Sisali"

Jumanne, baada ya Alasiri. Mvua imekatika sasa hivi, na kichochoro chetu hapa Mji wa Kale chafuka mvuke. Nimekaa dirishani juu, macho mazito. Naona kama mwili wangu umesafiri, ukaniacha mimi nilinde nyumba.

"Sisali." Ndilo neno letu sisi wanawake wa nyumba hii. Ukiingia mwezini wasema hivyo tu, kila mtu ameelewa. Mimi sijalitamka tangu kabla ya Rajab. Ramadhani nzima nilifunga bila kukatiza, na tarawehe sikukosa. Tena nikifurahi, mjinga mie!

Mavyaa wangu, mamake mume wangu Fuad, alikuwa akiniangalia kimya kimya. Baada ya Idi wenzangu wakaanza kulipa saumu zao, mimi sina ya kulipa. Hapo uso wake ukachanua. Tangu siku hiyo naletewa maembe mabichi ya pilipili, na ndoo ya maji sinyanyui. Anataka mjukuu. Na mimi nataka mtoto kuliko anavyotaka yeye mjukuu.

Kipimo cha mimba cha mkojo kilikataa, nami sikumwambia mtu. Mchana nikijilaza naota kitoto cha kike chanivuta buibui. Nikiamka, mkono wangu uko tumboni.

Leo asubuhi nilikwenda kwa daktari, kule mtaa wa Mbaraki. Mimba hakuna. Akanieleza taratibu: huenda ni fikra nyingi, au kule kukonda kwangu tangu baba afariki, au tezi ya shingoni, au homoni ya maziwa imepanda. Au mayai yanakwisha mapema. Hilo la mwisho alilisema kwa sauti ya chini, nami ndilo nililolisikia. Kesho nikatolewe damu.

Ya Rabi, lisiwe hilo.

Nimerudi nikamkuta mavyaa jikoni. Sikungoja.

"Mama, si mimba. Nina maradhi, na hayajajulikana bado. Kesho natolewa damu ikapimwe."

Akakaa kitako kwenye kibao. Nikajua sasa nitasikia habari ya mke wa pili.

"Kesho wenda na nani? Fuad yuko kazini Lamu."

"Peke yangu."

"Peke yako! Una wazimu? Na mimi humu ndani nafanya nini?"

Nikalia pale pale, kilio cha kitoto. Akanifuta uso kwa upindo wa leso yake, naye analia.

Sijui damu itasema nini. Naogopa, wallahi naogopa. Lakini kesho tunakwenda wawili.